Bwawa la samaki nyumbani limekua kijani: jua kwanza ni kijani gani

Kabla hujamwaga hayo maji, chukua glasi ya kioo, uchote maji ya bwawa, uieke dirishani mpaka kesho usiiguse. Hiki ndo kipimo changu cha kwanza kila nikiitwa kwa mtu nikaambiwa bwawa limeharibika, manake mara nyingi nakuta mwenyewe ashanunua dawa, ashamwaga maji yote mara tatu, bili ya maji imeshapanda na bado hajui anapigana na kitu gani. Kuna vijani vya aina mbali mbali na kila kimoja kina sababu yake, na dawa ya hichi ukiipeleka kwa kile unaua samaki.

Kesho yake angalia glasi. Ikiwa uchafu umekaa chini na juu pameangaa, huo ni udongo, si mwani. Ikiwa glasi nzima iko kijani vile vile kama jana, hao ni mwani wa kuelea, vijimea vidogo sana ambavyo jicho halivioni kimoja kimoja. Ikiwa kijani kimepanda juu kikajikusanya kama utando wa rangi ya kupaka nyumba, hapo tafadhali usiitie mkono, ruka moja kwa moja mpaka sehemu ya utando hapo chini. Na ikiwa maji yanaonyesha upande wa pili wa glasi lakini rangi ni ya chai ya rangi, hiyo ni majani tu.

Mimi bwawa langu liko uani Kisauni, Mombasa, urefu mita 3, upana mita 2, kina sentimita 80. Zidisha 3 kwa 2 kwa 0.8 upate 4.8, halafu mara 1,000, ndo lita 4,800. Piga hesabu yako uiandike ukutani, kwa sababu pampu, filta, dawa, chakula, vyote vinataka hiyo namba na watu wengi wanakisia tu.

Sasa neno ambalo ningependa ulishike kuliko yote: mwani unakula. Unakula jua na unakula mbolea iliyo ndani ya maji, naitreti na fosfeti, na hiyo mbolea inatokana na mavi ya samaki, chakula kilichobaki, majani yaliyooza au maji yenyewe unayotilia. Ukiua mwani bila kuziba pale unapolishwa, unarudi, tena wale waliokufa wanaoza wanakua mbolea ya wengine. Wazee wetu walilijua hili bila kusoma popote. Zile nyumba za zamani za mawe, Lamu na miji mingine ya pwani, zilikua na birika, yani tangi la maji la kujengwa, na ndani ya birika waliachia visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu, na yale maji yalikaa safi. Angalia walifanya nini: birika liko kivulini, samaki wachache, na hakuna mtu aliyewarushia chakula, walikula viluwiluwi basi. Bwawa letu la sikuhizi liko juani kutwa, samaki wamejazana, na kila mtoto wa nyumba akipita anatupia kipande cha mkate.

Maji yote yako kijani kama kisamvu

Hii ndo kesi ya watu tisa kwa kumi wanaoniita. Kwanza tujue kama ni tatizo kweli. Ukiwa unafuga tilapia wa kula, kijani kidogo ni chakula chao, usikitoe. Tia mkono ndani ya maji umekunjua kiganja, ushuke pole pole. Kiganja kikipotea machoni maji yakiwa yamefika karibu na kiwiko, yani sentimita kama 30, bwawa la tilapia liko sawa. Kikipotea kabla ya maji kufika nusu ya mkono, mwani umezidi. Lakini kama umefuga koi ama goldfish wa kutazama basi wewe unataka uone chini kabisa, na hapo kazi ni kubwa zaidi.

Anza na chakula. Toa chakula kidogo, hesabu dakika tano, kilichobaki juu ya maji kiopoe na kesho upunguze. Chapati, wali, sima iliyobaki, hivyo vyote vikishuka chini vinaoza. Najua ni raha kuona samaki wakigombania mkate, na kwangu ilibidi nikae na watoto niwaonyeshe ule uchafu wa chini kwenye ndoo ndo wakaelewa.

Afu hesabu samaki. Tilapia wanazaa haraka, jike anabeba mayai mdomoni na wakiwa na miezi michache tu washaanza kuzaa, kwa hivo ulieka 30 sasa wako mia mbili na wewe bado unajiambia una 30. Vua wadogo, gawa, kula, ama eka kambare mmoja wawili wawapunguze vifaranga, lakini kambare asiwe mkubwa sana kushinda tilapia wako wakubwa, atawala na hao. Ukianza upya nunua tilapia madume peke yake.

Halafu jua. Kaskazi kuanzia Disemba mpaka Machi jua letu linachoma na bwawa lisilo na kivuli utalipigania bure. Makuti juu ya miti minne yanatosha, ama neti nyeusi ya kivuli kama zile za kwenye miche. Kama unapenda kuona maji, panda yungiyungi, majani yake yafunike nusu ya maji hivi ama zaidi kidogo, yanazuia jua na mizizi inakunywa ile mbolea kabla mwani haujaifikia. Lile gugumaji lenye maua ya zambarau nalo linakunywa sana lakini likitoroka kwenye mto ama mtaro ni balaa, walioko Ziwa Victoria wanalijua, mimi siliingizi kwangu na nakuomba na wewe usiingize.

Sasa maji yenyewe, na hapa ndo Mombasa tuna jambo letu. Maji ya bomba ni ya kusubiriwa, wengi wetu tunatilia maji ya kisima ama ya mkokoteni. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, mawe yana matundu, na mitaa yetu imebanana, choo cha shimo kiko hapa na kisima kiko pale. Kile kinachotoka chooni kinapita kwenye matundu ya mawe mpaka kisimani kimeshakua naitreti, yani mbolea kamili. Kuna mama mmoja wa Likoni alikua anabadilisha maji yote kila Jumamosi kwa kisima chake na kila wiki kijani kinazidi, analia kabisa, na kila akisafisha ndo anatilia mbolea mpya, lita elfu mbili kwa mara moja! Tukapima maji ya kisima kwa zile karatasi za kupimia naitreti zinazouzwa kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, rangi ikapanda mpaka mwisho. Tulichofanya ni kuacha kumwaga. Akawa anatoa sehemu moja kwa kumi tu kwa wiki, anatilia maji ya mvua ya bati aliyokinga kwenye tangi, na yungiyungi akaongeza. Mwezi wa pili akaona matofali ya chini.

Kwa hivo usibadilishe maji yote. Hata kama maji yako ni mazuri, ukimwaga yote unawaondoa na wale bakteria wanaokula uchafu, samaki wanapata mshtuko, na mwani mdogo uliobaki kwenye kuta unajaa tena baada ya siku nne tano. Asilimia 10 mpaka 20 kwa wiki inatosha. Maji ya bomba yana klorini, yaache kwenye pipa wazi usiku mmoja mpaka miwili ukiyakoroga koroga, ama utie sodiamu thayosulfeti, inauzwa kwa wafugaji wa samaki wa mapambo. Maji ya mkokoteni muulize mwenye mkokoteni kachota wapi, na akikwambia ni bomba bado yaache yalale.

Mwisho filta. Pampu yako inatakiwa ipitishe maji ya bwawa zima kwenye filta kila saa moja mpaka mbili, kwa hivo langu la lita 4,800 pampu ya lita 2,500 kwa saa ndo ya chini kabisa. Filta yenyewe si lazima ununue. Pipa la lita 200, chini kokoto kubwa, katikati nyavu kuukuu za wavuvi zilizooshwa vizuri zikakunjwa kunjwa, juu sponji la godoro, maji yaingie chini yatoke juu yarudi bwawani. Kazi ya kuchuja inafanywa na sponji lakini kazi kubwa inafanywa na bakteria wanaojishika kwenye nyavu na mawe, wanabadilisha amonia, ile sumu inayotoka kwa samaki, ikawa kitu kisichoua, na hao wanataka wiki nne mpaka sita kujijenga. Ndio maana bwawa jipya huwa kijani mwezi wa kwanza, vumilia. Sponji lioshe na maji ya bwawa lenyewe kwenye ndoo, ukilipeleka bombani klorini inawaua bakteria wote unaanza moja. Na mawe, chukua vipande vya mawe ya kujengea ya matumbawe, yana matundu mazuri sana, lakini usiende kuvunja matumbawe baharini, hayo ni makazi ya samaki na sheria inakataza.

Ile taa ya UV, yani ya mwanga usioonekana unaoua vijidudu, inafanya kazi kweli kweli kwa mwani wa kuelea, maji yanapita ndani ya bomba la taa, mwani unakufa unashikana vipande, filta inaokota. Ila balbu inachoka baada ya mwaka hivi hata kama unaiona bado inawaka, na ile glasi yake ya ndani ikishika ukoko wa chokaa, na maji yetu yana chokaa nyingi, mwanga haupiti. Ifute kwa siki.

Samaki wako juu alfajiri wanahema

Hapa usisome mengine, tia maji mapya polepole kwa mpira ukiyarusha juu kama mvua, ama chota kwa ndoo umwage kutoka juu, chota umwage, mpaka watulie. Hao hawana hewa.

Mwani mchana unatoa oksijeni, usiku unaivuta kama sisi. Bwawa la kijani sana saa nane mchana limejaa hewa, saa kumi na moja alfajiri limekauka. Na maji ya moto yanabeba hewa kidogo, kwa nyuzijoto 30 lita moja inabeba miligramu kama 7.5 za oksijeni, kwa nyuzi 20 ingebeba kama 9, kwa hivo sisi wa pwani tunaanza na pungufu. Ndo maana nawaambia watu, ukitoka kuswali alfajiri pita bwawani kabla ya kitu chochote. Wakati mwengine wowote hutaona kitu, saa nne asubuhi samaki wanaogelea kama hakujatokea neno.

Kosa ninalolikuta kila mara ni mtu kuzima pampu usiku ili aokoe stima. Bora uzime mchana! Usiku ndo inahitajika, na bomba la kurudisha maji liinue litoe maji kwa kishindo. Stima ikipotea saa nyingi, ikirudi usiwashe filta ikamwaga moja kwa moja bwawani, yale maji yaliyolala ndani ya pipa yameshaoza, yamwage nje kwanza.

Dawa

Nimeieka hapa sababu watu wengi wanaoona samaki wakihema ni kwamba jana yake walitia dawa.

Mwaka wa pili wa bwawa langu niliuziwa mrututu (kopa salfeti, zile chembe za buluu), nikaambiwa tia vijiko viwili, kijani kitaisha kwa siku mbili. Na kweli siku ya pili maji yalianza kuangaa nikafurahi. Siku ya tatu alfajiri nilikuta samaki wameelea, karibu wote, wengine niliwalea tangu wakiwa na urefu wa kidole. Mwani ulikufa kwa mpigo, ukaanza kuoza kwa mpigo, na bakteria wa kuozesha wakanywa hewa yote iliyokuwemo. Na mrututu wenyewe ni sumu kwa samaki, makali yake yanategemea maji, maji ya kisima yenye chokaa yanayapunguza, maji ya mvua hayapunguzi, kwa hivo kipimo cha jirani yako si kipimo chako. Tangu siku hiyo haujaingia kwangu. Klorini ya kufulia pia usiitie, wala sabuni, wala maji ya mwarobaini, watu wanadhani mwarobaini ni dawa ya kila kitu lakini kwa samaki ni sumu.

Nyuzi kama nywele kwenye kuta na mawe

Maji yanaweza kuwa maangavu kabisa na nyuzi zikajaa. Mara nyingi zinakuja baada ya kueka taa ya UV, kwa sababu taa inaua wanaopita ndani yake tu na hizi zimejishika ukutani hazipiti, tena sasa jua linafika chini vizuri. Zitoe kwa mkono: fimbo yenye mikwaruzo ama brashi mpya ya choo, zungusha kama unavyozungusha tambi kwenye uma, vuta. Toa kidogo leo, kidogo kesho kutwa. Kisha rudi kwenye kivuli na chakula, hakuna njia ya mkato. Tilapia wakiwa na njaa kidogo wanazila, acha kuwalisha siku mbili uone.

Zile fupi za utelezi kwenye kuta, kama zulia, ziache. Hizo ni salama, zinakunywa mbolea na samaki wanazitafuna. Wengi wanazikwangua kila wiki bila sababu.

Utando kama rangi, umeegemea upande mmoja wa bwawa

Upepo wa kusi ukivuma unausukuma wote kona moja, rangi ni kijani ya samawati, harufu ya kuoza, ukitia kijiti hautoki kama nyuzi, unatoka kama umechovya kwenye rangi. Hawa wanaitwa mwani wa buluu-kijani lakini kwa hakika ni bakteria, na baadhi yao wanatoa sumu inayodhuru watu na wanyama. Paka, mbuzi, kuku, wote wazuie wasinywe. Watoto wasichezee. Usile samaki wa humo mpaka maji yatakapokaa sawa. Usiue kwa dawa, wakifa ndo wanaachia sumu yote majini. Vaa glavu, uopoe utando kwa kitambaa kizito ama chandarua, ufukie mbali na kisima, washa pampu isukume maji yasitulie hata kidogo, kwa sababu wanapenda maji ya moto yaliyotulia yenye fosfeti nyingi. Kisha utafute fosfeti inatoka wapi. Kwa jamaa mmoja wa Bamburi ilikua ni banda la kuku lililoinuka juu ya bwawa, kila mvua ya masika mavi yanateremka. Tukajenga ukingo wa tofali moja kuzunguka bwawa, mvua ikaenda zake kwengine.

Rangi ya chai, ya matope, ya maziwa

Chai: angalia juu yako. Kama kuna mti wa mkungu, ndo huo, majani yake makubwa mekundu yakianguka yanatoa rangi. Haiwadhuru samaki, kuna wafugaji wa samaki wa mapambo wanayatia makusudi, ila yakirundikana chini yanaoza. Yaopoe kila siku.

Matope: mvua imeingiza, ama kambare wanachimba chini. Ukingo kwa la kwanza, kwa la pili zoea tu.

Maziwa: bwawa jipya la saruji linatoa chokaa na pH, yani kipimo cha asidi na alkali ya maji, inapanda sana, lijaze wiki, mwaga, mara mbili tatu kabla ya samaki. Kama bwawa ni la zamani na limegeuka jeupe ghafla, ni bakteria wamelipuka, umezidisha chakula ama kuna samaki kafa kajificha chini ya mawe. Mtafute.

Mapovu na harufu ya yai bovu

Mapovu yasiyopasuka chini ya maporomoko ya maji ni uchafu wa chakula. Kwetu kuna na kunguru: anaokota mfupa ama kipande cha mahamri jaani, anakuja kukichovya bwawani akilainishe, kikimponyoka ndo kimebaki. Nilidhani ni mzaha mpaka nilipoopoa shingo tatu za kuku wiki moja. Tandaza neti juu, na samaki wadogo nao watapona.

Yai bovu ni tope jeusi la chini lisilopata hewa. Usilikoroge, ile gesi inaua. Tia mpira, vuta kwa mdomo kidogo maji yaanze kushuka yenyewe, ama ujaze mpira maji kwanza kama hutaki kuyaonja, upitishe ncha chini polepole, theluthi moja ya sakafu leo, nyengine wiki ijayo, nyengine wiki ya tatu. Hayo maji meusi yapeleke kwenye migomba na mipapai, ile mipapai yangu miwili ya ukutani haijawahi kutiwa mbolea nyengine.